Skrini ya Msoma Ramani

Binti yangu aliniambia Jumamosi, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, mara tu baada ya gari letu kuingia mtaroni kwa mara ya nne. Aliniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. Huyu mtoto namjua tangu alipokuwa hajaota jino. Akikasirika hupayuka, na wala hainisumbui. Akianza kuwa mpole ujue ameshachoka.

"Baba, mashine yako inakwama mno," alisema. "Tufanye hivi. Tucheze Jumamosi ijayo. Ikiwa bado iko hivi, basi tupumzike kwanza."

"Tupumzike mpaka lini?"

"Tutaona, Baba."

Mimi ni fundi saa. Miaka thelathini na nne nimekaa kwenye kibanda cha vioo ukumbini mwa soko, lenzi jichoni, nikifungua na kufunga saa za watu. Mteja akiniuliza saa yake itakuwa tayari lini, namwambia Jumanne saa nane, na Jumanne saa nane anaikuta. "Tutaona" si siku wala si saa, na sijapata kuona kalenda iliyoiandika. Nilivua vile vipokea sauti vya masikioni, nikavilaza mezani, nikakaa nimeshika tama mpaka chai ikapoa.

Mchezo wenyewe ni wa mbio za magari, na huchezwa na watu wawili, kila mmoja na kompyuta yake. Dereva ni yeye, kule mjini kwake, safari ya siku nzima kwa basi kutoka kwangu. Mimi ni msoma ramani. Kwenye skrini yangu naiona barabara kabla yeye hajaifikia, pamoja na namba za kona, na kazi yangu ni kumtajia: kushoto nne, mita sitini, kulia mbili, kaza. Namba ikiwa ndogo, kona ni kali. Nikitaja kwa wakati anapita kama anateleza. Nikichelewa nusu sekunde tunaingia mtaroni, na mashine yangu ilikuwa inanichelewesha zaidi ya hiyo nusu. Picha ilikuwa inaganda, barabara inasimama, halafu ghafla inaruka mbele, na ile kona niliyokuwa nataka kuitaja iko nyuma yetu pamoja na vipande vya gari.

Akifurahi huniita Msoma Ramani. Akiudhika huniita Baba. Jumamosi ile sikuitwa Msoma Ramani hata mara moja.

Niseme wazi kilichokuwa kinaniuma, nisije nikaonekana mzee aliyepandwa na wazimu wa michezo ya watoto. Mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita. Alikuwa mfumaji, mtu wa sindano na uzi mkononi hata anapozungumza na wageni, na nyumba yetu aliivika nguo. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, televisheni ilikuwa na chake, friji chake, meza ya kona chake, cherehani nayo chake. Vumbi ndilo linaloua vitu, alikuwa akisema, na mimi nilikuwa upande wake, maana nusu ya saa zinazoletwa kibandani kwangu zimeuawa na vumbi. Kibandani mwenyewe siwezi kuacha saa wazi hata nikienda kunawa mikono, lazima niifunike.

Baada ya arobaini, binti yangu alileta katoni. Alitaka nihamie kwake, nyumba ifungwe, na vile vitambaa vigawanywe kwa mashangazi na mama wadogo. Nilitoka bafuni nikamkuta ameshavitoa kwenye vitu vyote, amevikunja vizuri, redio iko uchi, friji iko uchi. "Tuvitoe, Baba," alisema. Nami nikamjibu kwamba kama amekuja kugawa nyumba yangu, bora asingekuja. Mtoto ametoka kumzika mama yake. Aliondoka kesho yake kwa basi la alfajiri, nami nikarudisha vitambaa vyote kumi na saba mahali pake, kimoja kimoja.

Tangu hapo simu zetu zikawa za kuhesabika kwa vidole. Hujambo Baba, sijambo, umekula, nimekula, haya. Mwaka ukapita hivyo. Halafu siku moja akanitumia ujumbe: kuna mchezo unataka mtu anayejua kuhesabu wakati, unataka? Nilijibu "nataka" kabla sijauliza ni mchezo gani. Nikanunua kompyuta iliyokwishatumika kwenye ofisi ya watu, na skrini yake ya kikarani, nikajifunza.

Na huko mchezoni, kati ya mbio na mbio, binti yangu alikuwa anazungumza. Aliniambia kuhusu bosi wake anayekula chakula cha wenzake kwenye friji ya ofisi. Aliniambia bomba lake linavuja, nami nikamwelekeza jinsi ya kubadilisha mpira. Siku moja aliniambia amemwota mama yake, halafu akasema haya, tuanze, tatu, mbili, moja. Hayo yote hayapiti kwenye simu. Yanapita Jumamosi saa nne tu, macho yakiwa barabarani. Zikikatika Jumamosi, narudi kwenye umekula, nimekula.

Kwa hiyo nilikuwa na siku saba za kutafuta kompyuta na skrini isiyokwama. Pesa nilikuwa nayo, hilo halikunisumbua. Lililonisumbua lilikuwa kuchagua kitu nisichokijua, nikikosea nisipate nafasi ya pili.

Jumatatu nilimweleza jirani yangu wa sokoni, fundi viatu, na nilijuta papo hapo.

"Yaani unanunua kompyuta ya kuchezea," alisema, misumari midogo ikiwa mdomoni mwake. "Babu wa magari."

"Nakuuliza wewe kwa sababu mwanao anazo."

"Basi sikiliza. Chukua kioo kikubwa kuliko vyote. Kiwe kama mlango. Ukiwa na kioo kama mlango, kona itakukosaje?"

"Wewe mteja akija na mguu mdogo unamshonea kiatu kikubwa ili asikose barabara?"

Alicheka mpaka akatema msumari mmoja. Lakini neno lake lilinikaa kichwani, na ndivyo hofu inavyokuwa, unashika hata ushauri wa mtu asiyejua lolote. Katika duka la kwanza niliangalia vioo vikubwa tu. Muuzaji alikuwa kijana mwenye haraka, akanionyesha kompyuta inayowaka taa za rangi saba.

"Hii ni moto," alisema.

"Na picha?"

"Picha nazo zipo, mzee."

Nilitoka. Duka la pili waliniambia tatizo ni kadi ya picha. Duka la tatu waliniambia tatizo ni prosesa. Jumanne nilirudi kwenye lile la pili, nikaambiwa tatizo ni memori. Nilirudi nyumbani sina hamu ya kula. Kila mmoja alikuwa na uhakika wake, na mimi nilikuwa na Jumamosi moja.

Jumatano nikampata Mama Waya. Ana chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule, mwanamke wa makamo, miwani ya kamba, na shingoni huning'iniza waya wa kompyuta jinsi mafundi cherehani wanavyoning'iniza futi ya kupimia. Hakuniuliza nina pesa kiasi gani. Aliniuliza: "Mchezo ukikwama, sauti ya binti yako nayo inakwama?"

Nikafikiri. "Hapana. Sauti yake naisikia vizuri tu. Anavyonung'unika nasikia neno kwa neno."

"Basi intaneti yako haina kosa. Ni mashine. Kaa."

Nilikaa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi mabega yangu yalishuka kidogo, maana nilikuwa nimekutana na mtu anayeuliza kabla ya kujibu.

Akanieleza kwamba skrini hubadilisha picha mara kadhaa kwa kila sekunde, na mara hizo ndizo huitwa hezi. Ile ya kwangu ya kikarani ilikuwa hezi sitini. Yeye alikuwa nazo za hezi mia moja arobaini na nne.

"Kijiwe kilichomo kwenye saa ya betri," nilimwambia, "hutikisika mara elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na nane kwa sekunde. Nawe unanisifia mia moja arobaini na nne?"

"Jicho lako si kijiwe, mzee wangu," alisema, na nikajua tutaelewana.

Lakini skrini, aliendelea, haitengenezi picha, inaonyesha tu. Anayetengeneza ni kompyuta, hasa ile kadi ya picha. Kompyuta ikitoa picha thelathini kwa sekunde, skrini ya hezi mia moja arobaini na nne itakaa inasubiri na hutaona faida yoyote. Hilo nililielewa bila kurudiwa. Unaweza kuweka uso mzuri kiasi gani kwenye saa, mashine ya ndani ikiwa mbovu mshale hautembei.

Aliziwasha skrini tatu kwa pamoja, gari lilelile likipita kwenye zote. Kwenye ya kwanza namba ya gari ilikuwa ukungu. Kwenye ya pili, inchi ishirini na nne, niliisoma yote. Ya tatu ilikuwa kubwa, imejipinda kidogo, rangi zake zimekolea, na kila jani la mti lilionekana. Macho yangu yana miaka hamsini na tisa. Niliitaka ile ya tatu kwa roho yangu yote.

"Hiyo ina nukta nyingi mno," alisema Mama Waya. "Inataka kompyuta ifanye kazi mara nne ya hii ndogo. Wewe unataka kuona majani, au unataka kuwahi kona?"

"Kuwahi kona."

"Basi umeshachagua."

Nilikuwa sijachagua. Nilitoka nje, nikazunguka lile jengo, nikarudi. Nilimuuliza tena yaleyale, akanijibu tena yaleyale. Nikatoka mara ya pili. Mara ya tatu alinikuta mlangoni akasema, "Mzee, ukizunguka tena nitakutoza maegesho." Nikachukua ya inchi ishirini na nne, na kompyuta yenye kadi ya picha ya kati, kasha jeusi, feni mbili mbele, na juu wavu wa matundu madogo madogo.

"Matundu hayo," nilimuuliza, "vumbi je?"

"Ndani kuna chujio. Usiwe na wasiwasi."

Chujio, nilijisemea. Mimi nimeona vumbi likiingia kwenye saa isiyoingia maji.

Aliuweka ule mchezo, tukaujaribu palepale dukani kwa nusu saa, na haukukwama hata mara moja. Barabara ilikuwa inakuja yote, imenyooka, kona baada ya kona. Nilijikuta nataja kwa sauti, kushoto tatu, kulia nne, na wanafunzi waliokuja kununua madaftari dukani wakachungulia kunitazama.

Alhamisi alasiri nilifunga kibanda mapema. Nilipanga kila kitu kwa mkono wangu. Waya wa skrini niliuchomeka kwenye kadi ya picha, kule chini, kama Mama Waya alivyonisisitizia, maana wengi huuchomeka juu halafu wakalia. Nilifuta meza. Ile kompyuta ya zamani niliiweka kando, na kitambaa chake cheupe nikakihamishia kwenye mpya, nikakinyoosha juu ya kasha mpaka pembe zake nne zikaning'inia sawasawa. Nikakaa, nikawasha.

Dakika kumi za kwanza nilikuwa nacheka peke yangu. Dakika ya kumi na moja picha iliganda.

Iliganda, ikaruka, ikaganda. Feni zilikuwa zinavuma. Nilimpigia Mama Waya na sauti yangu haikuwa nzuri, nilimwambia ameniuzia mavi ya chuma, maneno ambayo ilinibidi baadaye niyaombee radhi.

"Pole pole," alisema. "Umechomeka wapi waya wa skrini?"

"Kwenye kadi. Nimekwambia mimi ni fundi."

"Umeiweka wapi? Kabatini? Ukutani?"

"Juu ya meza. Pande zote wazi."

"Kuna kitu kimeziba matundu?"

"Hakuna kitu," nilijibu. Na nilikuwa naiangalia wakati najibu.

Akaniambia nifungue mahali pa mipangilio ya skrini. Huko tukakuta hezi sitini. Skrini mpya yote ile, na imekaa kwenye sitini kwa sababu hakuna aliyeiambia ifanye zaidi. Nikabadilisha ikawa mia moja arobaini na nne, nikazima kila kitu, nikanywa chai, nikawasha. Ilikwenda kama maji. Nilicheza dakika tano nikazima. Nilitaka kuendelea kujaribu na sikuthubutu. Niliogopa dakika ya kumi na moja, basi nikaamua kuamini kwamba tatizo lilikuwa lile la hezi.

Ijumaa nilikwenda kibandani kama kawaida. Nilidondosha skrubu ya saa ya mke wa mwalimu, kitu kidogo kuliko mbegu ya ufuta, na fundi viatu akapiga magoti kunisaidia kuitafuta sakafuni.

"Una nini wewe?" aliniuliza akiwa chini ya meza. "Kesho unaoa?"

"Kesho nina mbio."

Alitaka kutania zaidi, akaniangalia usoni, akaacha. Skrubu aliiona yeye, imenasa kwenye kiatu cha mteja.

Jumamosi niliamka mapema nikafuta vumbi nyumba nzima. Saa tatu nilikuwa kitini. Saa nne kamili sauti yake ikaingia masikioni mwangu.

"Baba, umeamkaje?"

"Salama. Nina mashine mpya."

"Mpya kabisa? Haya. Tuone."

Mbio za kwanza zilikuwa za dakika nne. Nilitaja kila kona kwa wakati wake na hatukugusa hata nyasi. Mbio za pili, dakika nne nyingine, tukamaliza wa sita kati ya timu thelathini, na tulikuwa hatujawahi kumaliza hata wa ishirini.

"Wee, Msoma Ramani," alisema, na nikasikia kabisa kwamba anatabasamu. "Unajua bosi wangu amehamishwa? Friji imebaki salama. Nitakusimulia. Ngoja tufanye ile ndefu ya mlimani kwanza."

Ile ndefu ya mlimani ni dakika kumi na mbili, kona mia moja na tatu, upande mmoja ukuta na upande mwingine korongo. Tukaondoka. Kushoto tatu, mita arobaini, kulia tano, nyoosha. Tulipofika nusu nikasikia feni zinapanda. Niliongeza sauti ili nisizisikie. Kulia nne. Kushoto mbili, kaza. Feni zikavuma, na nikaanza kuomba, kweli kabisa nikaomba, si leo, Mungu wangu, kesho iungue kabisa lakini si leo. Picha ikaganda. Ikaruka. Nikasema kulia mbili, na kulia mbili ilikuwa imeshapita. Tukaenda chini korongoni na gari likapinduka mara sita, nami nikaziona mbili tu.



"Juzi ilikuwa nzuri," nilisema. "Nimeinunua Jumatano. Ilikuwa nzuri."

"Baba."

"Nitairudisha. Nitachukua nyingine, kuna kubwa zaidi, nipe wiki moja."

"Baba, subiri. Nipigie simu ya video. Nataka kuiona hiyo mashine ilivyokaa."

Nilimpigia. Uso wake ulitokea kwenye simu, amekonda kidogo, nywele kazifunga kwa haraka. Ilikuwa miezi mingi tangu tuonane hivyo, maana simu za video tulikuwa tunazikwepa wote wawili. Nikageuza kamera ikaitazama meza. Skrini, kibodi, kasha.

Akasogeza uso karibu na simu yake.

"Umeifunika," alisema.

"Nimeifunika na nini?" Na nilikuwa nauliza kweli.

"Kitambaa, Baba. Joto linatokea pale juu, na wewe umepaziba."

Nilitazama kasha. Ndipo nikakiona. Siku zote mbili kilikuwa mbele ya macho yangu na sikukiona, kwa sababu katika nyumba hii kitu kisichofunikwa ndicho unachokiona. Nikaweka kiganja juu yake. Kulikuwa na moto wa pasi.

"Na ile ya zamani?" aliuliza. "Nayo ulikuwa unaifunika?"

"Tangu siku niliyoinunua."

Nikasikia amevuta pumzi. Jibu langu lilimaanisha kwamba mitaro yote ile, miezi yote ile ya kuitwa Baba, huenda mashine haikuwa na kosa lolote.

"Kitoe," alisema.

Ni neno lilelile. Miaka miwili nyuma alikuwa amesimama kwenye sebule hii, katoni miguuni, na neno lake lilikuwa hilo. Hasira ilinipanda kwa njia ileile, na yale maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamejipanga, bora usingekuja. Hata sikuhitaji kuyatafuta. Nilishika ukingo wa meza. Nikafikiri kwamba hiki ninachotaka kusema nikikisema, hakuna skrini duniani itakayonisaidia.

Nikakishika kile kitambaa kwa ncha za vidole na kukinyanyua. Joto lilinipiga usoni. Feni ziliendelea kuvuma, halafu zikashuka kidogo, zikashuka tena, mpaka nikaanza kusikia saa ya ukutani. Nilikaa na kitambaa mapajani, sijui nikiweke wapi.

"Baba, hebu kisogeze kwenye kamera."

Nilikisogeza.

"Hiyo pembe," alisema. "Hiyo iliyojikunja. Si ndiyo ile niliyofuma mimi?"

"Ndiyo."

Alikuwa na miaka tisa. Mama yake alimwachia pembe moja amalizie, naye akakaza uzi mno mpaka pembe yote ikajikunja na haijanyooka hadi leo, hata kwa pasi. Mimi nilisema ifumuliwe. Mama yake alikataa katakata.

"Nilidhani Mama alikitupa."

"Mama yako atupe? Kilikuwa sandukuni mwake."

"Vipo vingine kumi na saba, Baba. Mbona umechukua hiki kibovu?"

Nikamwambia tu ilivyo. "Redio ina cha mama yako. Friji ina cha mama yako. Humu ndani ya kompyuta ndimo unamotokea wewe. Nikaona kiwe chako."

Nilimwona ameinua mkono akafunika kamera yake kwa kiganja, skrini ya simu ikawa nyeusi, na kwenye weusi huo nikasikia anavuta kamasi. Nilimsubiri. Kusubiri nakujua, ni kazi yangu.

"Haya," alisema hatimaye. "Kona ya kwanza. Turudie mlima."

Tukaurudia. Kona mia moja na tatu, dakika kumi na mbili, na barabara ikaja yote, haikuruka hata sentimita. Niliona majani, hata kwenye hiyo skrini ndogo. Nilitega sikio kila feni zilipopanda kidogo, lakini zilikuwa zinapanda na kushuka, kama mtu anayehema vizuri. Kulia mbili, kaza. Akakaza. Tukapita pale tulipoangukia, tukapita daraja, tukafika juu. Wa nne.



"Jumamosi ijayo tusicheze, Baba."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo wiki nzima, na bado yalinikuta sijajiandaa.

"Imepona," nilisema haraka. "Umeona mwenyewe. Haikwami tena. Sitaifunika, nakuahidi, hata vumbi liingie kiasi gani."

"Nimeona."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu saa nne nitakuwa kwenye basi, nakuja nyumbani." Alisema upesi upesi, kama anavyopita kona anazoziogopa. "Siji kugawa kitu. Nakuja tu."

Kitambaa kilikuwa bado mapajani mwangu. Kidole changu kilikuwa kimeingia kwenye ile pembe iliyojikunja, sijui tangu saa ngapi. Nilitaka kumwambia mambo mengi, na kwanza kabisa kumwomba radhi kwa lile neno la siku ile.

"Ukishuka stendi," nilimwambia, "kushoto. Mita mia mbili. Halafu kulia, kali kidogo, kuna mtaro wamechimba."

"Najua njia ya kwetu, Msoma Ramani."

Nikaendelea kumtajia hata hivyo, kona moja moja, mpaka mlangoni.